Sura ya Nne: Nchi Inayovutwa

Ukimuuliza mwanafunzi milima hutokeaje, mara nyingi atakujibu kwa Himalaya. India ilisafiri kutoka kusini, ikagongana na Asia yapata miaka milioni 50 iliyopita, ardhi ikajikunja na kupanda juu. Amejibu vizuri. Kilele cha Everest, kilicho mita 8,849 juu ya usawa wa bahari, ni mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini, na bila mgongano huo hatuna namna ya kueleza walivyofika huko. Lakini kama mwanafunzi huyo anasoma Moshi, na dirisha la darasa lake linatazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, jibu hilo halimsaidii kitu kwa mlima ulio mbele yake. Kilimanjaro haikugongwa. Hakuna bara lililokuja kuisukuma. Milima mingi mikubwa ya Afrika Mashariki, pamoja na maziwa yake marefu, volkeno zake na matetemeko yake, imetokana na jambo lililo kinyume kabisa na lile la Himalaya. Nchi hii inavutwa.

Naona ni hasara kubwa kwamba somo hili hufundishwa kwa mifano ya Japani, Chile na Italia, ilhali wanasayansi wa huko hufunga safari kuja kulisoma Naivasha, Natron na Goma.

Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba: makubwa saba, na madogo mengi. Chini ya mabara, bamba linaweza kuwa na unene wa kilomita 100 au zaidi. Linalala juu ya mwamba wenye joto kali mno, ambao wengi hudhani ni bahari ya moto ulioyeyuka. Sivyo. Karibu wote ni yabisi. Ila kwa joto lile, na kwa uzito ulio juu yake, hutambaa sentimita chache kwa mwaka, ulio na joto zaidi ukipanda na uliopoa ukizama. Mabamba nayo husogea, na mambo makubwa hutokea kingoni mwao. Penye bamba la bahari kuzama chini ya jingine, kama Japani na pwani ya magharibi ya Amerika Kusini, maji yanayoshuka nalo huufanya mwamba wa chini uyeyuke kwa urahisi zaidi, na volkeno hujipanga sambamba na pwani. Penye mabamba kupishana ubavu kwa ubavu, kama California na kaskazini mwa Uturuki, matetemeko huja bila kuhitaji volkeno. Na penye mabamba kuachana, nafasi inayobaki hujazwa kutoka chini. Sehemu kubwa ya mipaka ya aina hii ya mwisho imefichwa chini ya bahari. Afrika Mashariki ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mtu husimama nchi kavu, pale juu ya Mai Mahiu, Kenya, kwa mfano, akaona kuta zote mbili za mwachano huo kwa macho yake.

Upande wa magharibi ni bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika. Upande wa mashariki ni bamba la Somalia, lililobeba Mogadishu, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Huko Ethiopia yanaachana kwa kama milimita 6 kila mwaka, na kasi hupungua kadiri unavyoshuka kusini. Vipimo hivi vimepatikana kwa vifaa vya GPS vilivyofungwa kwenye miamba imara na kusomwa mwaka hadi mwaka. Tuchukue milimita 3 tu. Tangu meli za Vasco da Gama zitie nanga Malindi mwaka 1498, Malindi imejitenga na Kisumu kwa takriban mita moja na nusu.

Shika mkate mpya wenye ganda kavu, uuvute taratibu kwa mikono miwili. Ganda la juu hupasuka kwa mistari, lakini sehemu laini ya ndani hainyofoki upesi: hunyumbuka na kuwa nyembamba. Bamba nalo hufanya vivyo hivyo. Kilomita za juu, zilizo baridi na ngumu, huvunjika; kipande cha katikati hukosa egemeo na kuzama kati ya mipasuko miwili, na hapo tunapata bonde. Chini zaidi mwamba hunyumbuka, na mwamba wa chini kabisa hupanda kujaza nafasi. Unapopanda, uzito uliokuwa ukiukandamiza hupungua. Mwamba huo ulikuwa yabisi kwa sababu tu ya kukandamizwa. Ukipata nafuu, sehemu yake huyeyuka bila kuongezewa joto hata kidogo. Jambo hili huwashangaza wengi, maana jikoni na kwenye karakana tumezoea kuyeyusha kwa kuzidisha moto. Huko chini, kinachoyeyusha ni kupunguziwa mzigo.

Kuna jambo jingine chini ya miguu yetu. Chini ya upande huu wa Afrika, mwamba wa moto unapanda kutoka kina kirefu sana na kuiinua nchi nzima kama ilivyo. Ndiyo sababu Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Addis Ababa zaidi ya mita 2,300, ingawa hatukugongwa na mtu.

Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza, John Walter Gregory, alitoka pwani na msafara wa wapagazi hadi Baringo. Wakati ule wengi walidhani kila bonde limechimbwa na mto. Gregory alizichunguza kuta za bonde, akakata shauri kwamba sakafu yake haikuchimbwa bali ilishuka yenyewe kati ya nyufa mbili sambamba. Kitabu chake cha mwaka 1896 ndicho kilicholitangaza Bonde la Ufa duniani. Kilichokuwa kinavuta hakukijua. Mjerumani Alfred Wegener alitangaza mwaka 1912 kwamba mabara husafiri, lakini hakuweza kueleza nguvu inayoyasogeza, na alipofariki Greenland mwaka 1930 wenzake wengi walikuwa bado wanampinga.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyeketi mbele ya meza ya kuchorea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Marie Tharp wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikuwa akichora sakafu ya Bahari ya Atlantiki kwa vipimo vya kina vilivyoletwa na meli. Aliona safu ndefu ya milima katikati ya bahari, na juu ya safu hiyo, mgongoni kabisa, bonde jembamba lililofuatana nayo. Alijua maana yake: sakafu ya bahari inapasuka. Mwenzake, Bruce Heezen, alilitupa wazo hilo kama porojo za wanawake. Kisha ramani ya vitovu vya matetemeko ikawekwa juu ya mchoro wa Tharp, na vitovu vikaangukia ndani ya bonde. Alipotafuta nchi kavu kitu cha kufananisha na umbo lile, alilipata Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Hivyo siri ya chini ya bahari ilisomeka kwa msaada wa nchi yetu, na habari hiyo inastahili nafasi katika kila kitabu cha jiografia cha kwetu.

Bonde lenyewe lina mikono miwili. Ule wa mashariki unashuka kutoka Afar, Ethiopia, na kupita Turkana, Baringo, Nakuru, Naivasha, Magadi, Natron hadi Manyara na Eyasi. Ule wa magharibi unaanzia kaskazini mwa Ziwa Albert, unapinda kupitia Edward, Kivu, Tanganyika na Rukwa, hadi Ziwa Nyasa. Kwa nini ufa ugawanyike badala ya kupita katikati? Jibu liko Mwanza. Yale mawe makubwa ya matale yaliyopandana ufukoni ni sehemu ya kiini cha kale cha bara, chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, kinene na kilichopoa. Ufa ulipokifikia ulishindwa kukivunja, ukakizunguka pande zote mbili kwa kufuata miamba iliyo dhaifu zaidi.

Kingo za pande mbili ziliponyanyuka, mito kama Kagera na Katonga, iliyokuwa ikielekea magharibi, iligeuzwa ikarudi nyuma. Maji yakatuama katikati, na ndipo tukapata Ziwa Victoria, kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika lakini lenye kina cha mita 80 hivi tu. Tanganyika ni jembamba, na linashuka hadi mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Victoria limetuama juu ya nchi, Tanganyika limezama ndani yake.

Katika mkono wa magharibi kuna Rwenzori, mlima ambao ningependa kila msomaji aujue. Uko karibu na Ikweta, una barafu, na kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Kwa kuwa Kilimanjaro na Mlima Kenya ni volkeno, wengi huihesabu Rwenzori pamoja nazo. Si volkeno. Ni pande la mwamba wa kale lililobanwa kati ya mipasuko, likanyanyuliwa zima zima hadi zaidi ya kilomita nne juu ya sakafu ya bonde la Semliki. Usambara, Upare na Uluguru nazo ni mapande ya mwamba mkongwe yaliyobaki juu pale ardhi ya kando ilipozama, ingawa historia yake ni ndefu zaidi. Kwa hiyo nchi inayovutwa hujenga milima kwa njia mbili, ama kwa kumwaga miamba iliyoyeyuka, ama kwa kuacha mapande yasimame huku mengine yakishuka.

Kilimanjaro ni ya njia ya kwanza, na ni volkeno tatu katika mlima mmoja: Shira iliyobomoka zamani, Mawenzi iliyochongoka kwa mmomonyoko, na Kibo yenye mita 5,895, ambayo bado hutoa gesi kidogo kasokoni. Ngorongoro ilikuwa mlima wa namna hiyo hiyo hadi chumba cha miamba iliyoyeyuka kilichokuwa chini yake kilipobaki kitupu na kilele kikadidimia, zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Mlima Meru ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910.

Lakini hakuna unaoushinda Ol Doinyo Lengai kwa maajabu. Ndiyo volkeno pekee hai duniani ambayo historia imeishuhudia ikitoa lava ya kabonati yenye sodiamu nyingi. Lava ya kawaida ya Hawaii hutoka ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,100. Ya Lengai ina nyuzi 500 hadi 600 tu, hutiririka nyepesi sana, na mchana huonekana nyeusi kama matope. Ikipata unyevu hubadilika kuwa nyeupe, hata mtu wa mbali huidhani theluji. Julai 2007 ardhi ilitetemeka mfululizo pembeni mwa mlima huo, chini ya mlima jirani wa Gelai, tetemeko kubwa likifikia 5.9, na watu wa Nairobi walikimbilia nje ya maghorofa. Wataalamu walipochunguza picha za rada za satelaiti waligundua kwamba miamba iliyoyeyuka ilikuwa imejipenyeza wima ndani ya ganda la dunia, ikapasua nchi, na kuishia humo humo bila kufika juu. Septemba Lengai yenyewe ililipuka kwa majivu, na Wamasai wa jirani wakalazimika kuhamisha mifugo. Ulikuwa mwachano wa mabamba uliopimwa ukiwa unatokea. Huko Afar, mwaka 2005, jambo la namna hiyo lilikuwa kubwa zaidi: kwa muda wa wiki chache ufa wa kilomita 60 ulifunguka chini ya ardhi, mahali pengine kwa mita 8. Yaani mabamba husogea mwaka hadi mwaka, lakini penye ufa wenyewe nchi haiachani kidogo kidogo kila siku. Hukaza kwa karne nyingi, kisha hulegea ghafla.

Upande wa magharibi, mji unaoishi na volkeno kwa ukaribu wa kutisha ni Goma. Nyiragongo, wenye mita 3,470, umekuwa kwa miaka mingi na ziwa la lava kasokoni, na lava yake ni nyepesi kuliko karibu zote duniani. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka na ziwa lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja, lava ikishuka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia kwa miguu. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifika hadi mjini. Lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena usiku, ikasimama karibu na viunga vya mji, na zaidi ya watu 30 walikufa. Leo mawe yale meusi ndiyo kuta na barabara za Goma.

Hatari nyingine ya huko haina kelele. Wenyeji huiita mazuku: hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde madogo, nzito kuliko hewa ya kawaida. Mtoto au mbuzi anayeshuka humo asubuhi kabla upepo haujavuma anaweza asitoke. Wanajiolojia wa kimataifa wanatumia neno hilo hilo katika maandishi yao. Ziwa Kivu nalo limehifadhi chini kabisa takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani. Rwanda imeanza kuivuna methani hiyo kwa umeme. Mtambo wa Karongi, wa megawati 26, ulizinduliwa mwaka 2016. Naunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote, maana kila kiasi cha gesi kinachotolewa kwa uangalifu ni umeme kwa watu na ni hatari iliyopungua ziwani.

Machi 2018 picha za korongo lililokata barabara karibu na Mai Mahiu zilisambaa dunia nzima, zikiambatana na habari kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia waliofika hapo walieleza kwamba mvua kubwa zilikuwa zimelisomba jivu laini la volkeno lililojaza nyufa za zamani. Lilikuwa korongo la maji. Habari ile iliniudhi kwa sababu iliwafanya watu watazame mahali pasipo na hatari kubwa, wakati matetemeko yetu makubwa hayatangulizwi na picha yoyote.

Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kupimwa Afrika katika karne ya 20. Januari 1928 Subukia, Kenya, ilipata la 6.9, na ardhi ikapasuka kwa urefu wa kilomita 38 hivi. Machi 1966 zaidi ya watu 100 walikufa Toro, chini ya Rwenzori. Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitikisika kwa 6.8. Msomaji azingatie kwamba ngazi moja ya kipimo cha matetemeko ina maana ya nishati mara 32 hivi, kwa hiyo tetemeko la 7 si kubwa kidogo tu kuliko la 6. Mkono wa magharibi, wenye volkeno chache, ndio wenye matetemeko mengi makubwa, kwa kuwa mwamba wake umepoa na ni mgumu hadi kina kirefu: huvumilia mkazo mwingi kabla ya kukatika, na unapokatika hukatika kwa kilomita nyingi.

Sitaki kuifanya nchi hii ionekane laana. Migomba na kahawa ya Wachagga imekua kwenye udongo wa volkeno. Nyasi fupi za Serengeti zimeota juu ya majivu. Nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6 na zaidi iliyopita, zilihifadhiwa kwa sababu jivu lilianguka, mvua ikalilowesha, na viumbe wa ukoo wetu wakapita. Kenya ilianza kuzalisha umeme wa jotoardhi Olkaria mwaka 1981, na sasa mvuke wa Bonde la Ufa huipa karibu nusu ya umeme wake. Miamba hiyo hiyo huingiza floridi nyingi mno katika maji ya sehemu za Arusha na Meru, hata meno ya watoto yakawa ya kahawia na mifupa ya baadhi ya watu ikapinda. Hilo linazuilika kwa kuchuja maji, na sioni sababu ya kuendelea kulizoea.

Matetemeko hayazuiliki, lakini vifo vyake vingi huzuilika. Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilitikiswa na tetemeko la 5.9, lililoanzia kama kilomita 40 chini. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupata nyufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya kiasi cha kufungwa. Kwa kipimo cha dunia lile lilikuwa tetemeko la kadiri. Kilichoua ni kuta. Ukuta wa matofali uliounganishwa kwa udongo, au kwa saruji iliyochanganywa na mchanga kupita kiasi, hubeba uzito wa paa vizuri miaka yote. Ukisukumwa kutoka ubavuni kwa sekunde chache, pembe huachana na ukuta humwangukia aliye ndani. Nyumba ya miti iliyofungwa vizuri huyumba na kusimama. Nyumba ya matofali nayo inaweza kusimama ikiwa pembe zake zimeshikwa kwa nguzo na kuta zake zimefungwa na mkanda wa zege wenye nondo, ule ambao mafundi huuita linta, uliozunguka nyumba nzima bila kukatika, si vipande vilivyowekwa juu ya milango na madirisha tu. Gharama yake ni sehemu ndogo ya gharama ya nyumba.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayejenga Bukoba, Goma, Bukavu, Bujumbura, Kigoma, Sumbawanga, Mbeya au Fort Portal, hata kama hukumbuki jina la bamba moja katika sura hii, kumbuka hili: siku ya kumwaga linta uwepo mwenyewe, na usimruhusu fundi apandishe tofali jingine kabla hujaona nondo zimeunganishwa kwenye pembe zote nne.